Msanii Naye Ajisahihishe

Mji wa Arusha umekaa miguuni mwa Mlima Meru, ambao kimo chake chazidi mita 4,500. Kila mkazi wa mji huu anajua kwamba mlima huo hauonekani mara mbili kwa sura moja. Alfajiri kilele hujitokeza wazi. Kabla ya adhuhuri wingu limekwisha kukimeza. Na wakati wa masika huenda siku kadhaa zikapita bila ya kuonekana kabisa. Lakini mtu akipita katika maduka ya vinyago na picha yanayowangojea watalii, ataukuta mlima ule ule, umechorwa kwa mstari ule ule mkali, chini ya anga ile ile isiyo na wingu. Tunapenda kusema machache juu ya jambo hili.

Ipo njia nyingine ya kuchora, nayo ni ya rangi za maji kwa mkono mwepesi. Karatasi hulowanishwa, rangi hukorogwa kwa maji mengi, brashi hupita mara moja, na rangi hujitafutia njia yenyewe. Weupe wa wingu haupakwi. Ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa. Kwa hiyo mchoraji hupimwa kwa alichokiacha sawa na alichokiweka. Wala kosa halifunikwi kwa urahisi: anayerudia-rudia juu ya rangi mbichi huambulia tope.

Hatuna budi kukiri kwamba sisi wenyewe, tulipoonyeshwa kwa mara ya kwanza picha ya namna hiyo, ya migomba ya Ngaramtoni katika ukungu, tuliuliza itamalizika lini. Kijana aliyeichora alijibu kwa adabu kwamba imekwisha. Tukacheka. Tulikosea, kwa sababu tulitaka kuhesabu majani, na hali migomba iliyo ndani ya ukungu haina majani ya kuhesabika. Ina kivuli na unyevu, na hivyo ndivyo kijana yule alivyokuwa ameviweka.

Kazi ya namna hii si uvivu. Mwingereza Turner, mnamo mwaka 1842, aliuchora kwa rangi za maji mlima mmoja wa Uswisi uitwao Rigi katika picha tatu: mmoja wa samawati, mmoja mwekundu, mmoja wa giza. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni nuru.

Isidhaniwe kwamba tunaibeza sanaa ya nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alijifungulia njia yake Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa juu ya mbao, bila ya kumwiga mtu. Wengi wanaomnakili wameichukua rangi yake wakauacha ujasiri wake. Naye Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyeanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, aliwahimiza wasanii wa Afrika ya Mashariki waache kunakili.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, akiwahimiza wanachama wa TANU kuyatazama makosa yao na kuyarekebisha. Somo hilo lamhusu msanii pia. Tunaona maradhi mawili. La kwanza ni la yule asemaye kwamba picha zake hazina kosa maadamu zinanunuliwa. Huyo amemwachia mnunuzi kazi ya kumkosoa, na mnunuzi huyo kesho asubuhi yumo garini kuelekea Ngorongoro. Hatusemi hivi kwa kudharau riziki, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa sifa. Twasema tu kwamba anayechora picha moja miaka kumi amejifunza mwaka mmoja.

La pili ni la yule anayejikosoa brashi ingali mbichi, akaongeza hapa na kufuta pale hadi picha ikafa, kisha akaichana. Sisi tuliosoma chuoni utotoni twaukumbuka ubao. Mwalimu hakuamuru uoshwe kabla mwanafunzi hajausoma hadi mwisho. Kosa lilitajwa, likasahihishwa, ubao ukaoshwa, somo jipya likaandikwa. Hakuna aliyeuvunja ubao.

Basi twawashauri wasanii wa Arusha wawe na desturi ya kukutana, kutundika kazi zao ukutani zikiwa zimekauka, na kuambiana ukweli bila ya kuoneana haya wala kudhalilishana. Walimu wa shule zetu nao wawape watoto karatasi na rangi, wawatoe nje wautazame mlima wenyewe badala ya kunakili picha ya kitabuni. Nasi watazamaji tuna wajibu wetu: tuache kucheka kabla ya kutazama. Kijana yule wa Ngaramtoni hatujamwomba radhi bado. Tunamwomba leo.