Sakafu ya Juu Inapovuja

Masika yanapokaribia hutufikia swali lile lile kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu na Malindi: sakafu ya juu ya nyumba imetandazwa vigae, gharama imelipwa, na bado maji yanatona ndani ya chumba cha watoto. Wenye nyumba hukilaumu kigae. Sisi twaona kigae kinaonewa. Kazi yake ni kukanyagwa na kupendeza. Maji hupenya kwenye viungo vilivyo baina ya kigae na kigae, yakalala chini yake, yakatafuta njia. Kinachoyazuia ni utando unaopakwa chini ya vigae, na ukikosekana au ukichanika, hakuna kigae kitakachoshika nafasi yake.

Kwa hiyo msikubali shauri la kutandaza vigae vipya juu ya vya zamani. Uzito huongezeka, na maji yaliyokwisha kuingia hubaki kifungoni. Katika nyumba za zege hilo ni hatari, kwani unyevu na chumvi ya bahari hula nondo. Nondo ikishika kutu hufura, na kufura kwake hulipasua zege mpaka vipande vikaanguka. Mkiona doa la kutu kwenye dari, au lipu ikigongwa ikalia utupu, wahamisheni watoto siku ile ile, kisha muiteni fundi. Maji yakitona karibu na taa, zimeni kwanza umeme kwenye swichi kuu.

Matengenezo ya haki huanza kwa kung'oa vigae mpaka zege lionekane, kuziba nyufa na kurudisha mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mlizamu. Zege likikauka, dawa ya kuzuia maji hupakwa tabaka mbili, na kupandishwa ukutani sentimita 15 hivi. Pembe na shingo ya mlizamu hutiwa kitambaa cha nyuzi kati ya tabaka. Hapo ndipo mafundi hufanya haraka, na hapo ndipo nyumba huvuja. Mama wa nyumba, ambaye mara nyingi ndiye aliyepo kazi ikiendelea, ana haki ya kupanda na kuzitazama pembe hizo kabla hazijafunikwa.

Dawa ikishakauka, mlizamu huzibwa na maji yakajazwa kina cha sentimita 5 kwa saa 24. Chini kukibaki kukavu, ndipo vigae virudi. Lakini maji hayo ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, basi jaribio hili lisifanywe juu ya boriti za kale. Nyumba za mawe ya matumbawe zina tabia yake: boriti huoza kwenye ncha zilizozama ukutani, na saruji ngumu ikimwagwa juu ya chokaa hupasuka boriti zikipinda kidogo. Huko atafutwe mwashi anayeijua chokaa.

Wakati mwema wa kazi hii ni kaskazi, Januari na Februari. Lakini mwenye ghorofa ya juu ambaye maji yake yanamdondokea jirani wa chini asimngojeze hadi wakati huo. Asafishe mlizamu leo, azibe viungo vilivyofunguka, na ndoo ya kukingia ainunue yeye.