Mchoro unaovuka mpaka bila kuchakaa

Katika miji ya mipakani, iwe Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo, kisa hiki si kigeni kwa mtu aliyewahi kukaa nusu saa katika duka la uchapaji. Mama muuza asali anaingia na simu mkononi. Ana mzigo unaovuka wiki ijayo, na mnunuzi wake wa upande wa pili anataka bango la mita tatu la kutundika mbele ya duka. Nembo anayo: nyuki ametua juu ya ua, na jina la biashara chini yake. Alichorewa miaka miwili iliyopita, akatumiwa kwa WhatsApp, na tangu hapo imekaa vizuri kwenye lebo za chupa.

"Shikamoo mama. Hii picha ni ndogo, haitafika mita tatu," kijana wa dukani anamwambia baada ya kuifungua kwenye kompyuta.

"Marahaba mwanangu. Si uikuze tu?"

Kijana anaikuza. Nyuki anageuka ngazi ya vimiraba vyeusi na vya njano, na herufi za jina zinaingia ukungu. Mama anampigia aliyemchorea. Namba haipatikani. Yamebaki mawili: kuchapa bango lenye ukungu, au kulipia nembo ichorwe upya.

Hapo mashine ya kuchapa haina kosa, wala wino. Kinachokosekana ni faili la mchoro wa vekta, yaani mchoro uliotengenezwa kwa nukta na mistari. Ndiyo sanaa iliyo nyuma ya nembo nyingi, vifungashio vingi na katuni nyingi za kompyuta. Wafanyabiashara huinunua karibu kila wanapobadilisha lebo, ila wengi hawajui wamenunua nini hasa.

Ushanga na vipimo vya fundi

Picha ya kawaida ya simu imepangwa kama kazi ya ushanga. Kila kidoti kina rangi yake na mahali pake, na vidoti vyote vikikaa pamoja jicho linaona sura ya mtu au chupa ya asali. Ukiikuza huongezi ushanga. Unaunenepesha ule ule uliokuwapo, mpaka jicho linaanza kuuona mmoja mmoja.

Mchoro wa vekta unafanana zaidi na vipimo katika daftari la fundi cherehani. Kompyuta haitunzi vidoti, inatunza maelekezo: anza kwenye nukta hii, pinda kwa kiasi hiki, ishia kwenye nukta ile, jaza rangi ya njano. Ukitaka nembo iwe kubwa, kompyuta inayasoma maelekezo hayo upya na kuchora upya. Ukingo wa bawa la nyuki utakuwa mkali ule ule kwenye kadi ya biashara na kwenye turubai la lori.

Maelekezo hayo yana faida nyingine. Mashine ya kukata stika ina kisu kinachotembea juu ya mstari, na picha ya vidoti haina mstari wa kufuata. Ndiyo maana fundi wa stika akipewa picha ya simu hulazimika kuichora upya kabla ya kukata, na kazi hiyo huingia kwenye bei. Wachapaji wa fulana na mifuko nao hutenganisha rangi, kila moja na skrini yake, na mchoro wa vekta hutenganishika kwa urahisi kwa sababu kila rangi imekaa katika umbo lake.

Mipaka yake ipo pia. Uso wa mtu, sahani ya pilau au rundo la nyanya hutoka vizuri zaidi kwa kamera. Vekta ni ya mambo yenye umbo na ukingo: nembo, herufi, ramani, mhusika wa katuni.

Ulianzia kwenye magari

Mkunjo unaotumiwa na wachoraji hawa ulitoka katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya Citroën, alipata njia ya kueleza mkunjo wa bodi ya gari kwa nukta chache. Katika miaka ya 1960 mhandisi Pierre Bézier wa Renault aliifikia njia ya aina hiyo kivyake na kuitangaza, na hadi leo mikunjo hiyo inaitwa kwa jina lake. Haja ilikuwa ya kiwanda: mkunjo uliochorwa ofisini ufike kwenye mashine bila kupotoka.

Mwaka 1963, huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora mistari kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Adobe Illustrator ilitoka mwaka 1987, na CorelDRAW ya Canada mwaka 1989. Kwa asiyeweza kulipia, ipo Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003.

Nukta chache, jicho kali

Kwa kuwa chombo ni kompyuta, wateja wengi hudhani kazi ni ya kubonyeza tu. Ukiziweka nembo mbili za nyuki kando kwa kando, tofauti inaonekana. Anayejifunza huweka nukta 40 kulizunguka bawa moja, na bawa linatoka na matuta kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Aliyekomaa huweka nukta nne au tano pale mkunjo unapobadilika, na bawa linanyooka. Lazima ajue aache nini: nembo itakayochapwa kwenye kifuniko cha chupa haiwezi kubeba nywele za miguu ya nyuki.

Ujuzi wa namna hiyo ulikuwapo katika eneo hili kabla ya kompyuta. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao nyembamba za kiwandani. Rangi za aina hiyo hung'aa na hukaa kila moja peke yake, nyekundu kando ya nyeusi, bila kuyeyukiana. Wanyama wake wakawa na umbo kubwa, ukingo wazi na madoa ya kuhesabika. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliuendeleza mtindo uliobeba jina lake. Kwa mchoraji wa vekta mtindo huo ni darasa tosha: umbo limefungwa, rangi imejaa, na mnyama anatambulika hata kwa mbali.

Mtindo huo ulivuka mpaka ukawa katuni. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, unaosimulia ngano za kwa nini wanyama wako walivyo, ulitengenezwa Nairobi na Homeboyz kwa kushirikiana na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza. Ulianza kuonyeshwa katika chaneli ya watoto ya BBC mwaka 2010, na jumla ya vipindi ni 52. Mtindo ulitoka Dar es Salaam, mikono ilikuwa ya Nairobi, na watazamaji wa kwanza walikuwa watoto wa Uingereza.

Gunia linavyoinuliwa

Katuni ni picha zilizosimama zinazopita haraka mbele ya jicho. Kwa kiwango kilichozoeleka cha televisheni katika eneo letu, sekunde moja hubeba fremu 25. Dakika moja ni fremu 1,500, na kipindi cha dakika 11 ni fremu 16,500. Zamani kila mwendo ulichorwa kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, na kazi hiyo ilihitaji jeshi la wachoraji.

Mchoro wa vekta ulipunguza mzigo huo. Mhusika hukatwa vipande, kichwa, kope, mdomo, mkono, kiganja, na kila kipande kikapewa kiungo chake kama kikaragosi. Msanii huweka mkono chini katika fremu ya kwanza na juu katika fremu ya 12, kisha kompyuta inajaza zilizo katikati. Mhusika aliyechorwa mara moja hutumika tena kipindi baada ya kipindi.

Kompyuta, hata hivyo, hujaza kwa mwendo wa saa ya ukutani, na mwendo huo hauna uhai. Mpagazi anayeinua gunia la mahindi haanzi na mikono. Anapanua miguu, anashuka magotini, anatulia kidogo, ndipo gunia linapoachana na ardhi. Na likishafika begani, mwili wote unayumba mara moja kutafuta mizani. Msanii asiyewahi kumtazama mpagazi atatoa gunia jepesi kama puto, na mtoto wa miaka sita atalijua. Utazamaji huo ndio mteja anaoulipia.

Faida kwa eneo lenye lugha nyingi ni kwamba mchoro hauna lugha. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, lilianza kuonyesha katuni ya Ubongo Kids kwa Kiswahili mwaka 2014, na baadaye likaongeza Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Kazi zake zimetolewa pia kwa lugha nyingine, zikiwemo Kiingereza, Kinyarwanda na Kifaransa. Picha hubaki zile zile, sauti na maandishi hubadilishwa. Mfanyabiashara anaweza kuifuata njia hiyo kwa tangazo la sekunde 20 la simu: nyuki yule yule, sauti ya Kiswahili kwa wateja wa Mwanza, Kiganda kwa wa Masaka, Kinyarwanda kwa wa Kirehe.

Faili ni mali

Yote hayo huanguka pale faili asilia linapopotea. Mteja anayepewa picha ya WhatsApp peke yake amepewa kivuli cha nembo yake. Faili la vekta huwa na majina yanayoishia kwa SVG, AI, CDR au EPS. PDF inaweza kuwa ya vekta au isiwe, kwa sababu picha ya vidoti nayo huingia ndani ya PDF. Jaribio la haraka ni kulifungua faili na kulikuza mara kumi au ishirini: ukingo ukibaki mkali, ni vekta, ukitoka ngazi, si yenyewe.

Ni busara kuomba nakala ya SVG hata kama msanii anatumia programu nyingine. SVG ni muundo ulio wazi kwa wote, uliopitishwa mwaka 2001. Waliotegemea muundo mmoja wa kampuni moja walipata somo pale Flash, iliyotawala katuni za intaneti kwa miaka mingi, ilipofungwa rasmi mwishoni mwa 2020. Herufi za jina nazo zigeuzwe kuwa mikunjo, maana mchapaji wa upande wa pili asipokuwa na mwandiko ule ule, kompyuta yake itaweka mwingine. Namba za rangi ziandikwe, ili njano ya Kampala isitoke chungwa Nairobi.

Linabaki suala la haki. Mchoro una hakimiliki, na sheria za nchi zetu haziko sawa kuhusu nani anaimiliki kazi iliyoagizwa na mteja. Karatasi moja yenye sahihi za pande mbili, ikieleza nani ana haki ya kuitumia nembo, wapi, na kama inaruhusiwa kuwa katuni, huwaepusha wote na ugomvi. Inamlinda msanii pia, ambaye mara nyingi hulipwa kwa lebo moja kisha akaikuta kazi yake kwenye mabango, fulana na matangazo asiyoyajua.

Alama ya biashara ni jambo jingine, na usajili wake huishia mpakani. Usajili wa BRELA unailinda alama Tanzania Bara. Zanzibar ina BPRA, Kenya ina KIPI, Uganda ina URSB na Rwanda ina RDB. Anayeuza nchi tatu na amesajili moja ameacha milango miwili wazi, na mtu mwingine anaweza kumtangulia kusajili nyuki yule yule huko.

Mama wa asali, kama atalipia upya, ana nafasi ya kuyaweka sawa yote kwa mara moja. Kabla ya kumalizia malipo aombe faili la vekta, alifungue mbele ya mchoraji na kulikuza, atie sahihi karatasi ya makubaliano, kisha ajitumie nakala kwa barua pepe na kuweka nyingine kwenye flashi, pamoja na leseni na risiti za biashara yake.