Kiswahili katika Muhula wa Pili: Anachojifunza na Anachotenda Mwanafunzi wa Gredi ya Nne

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hutumiwa mara nyingi kuhusu malezi ya tabia, lakini inafaa vilevile kuhusu malezi ya lugha. Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu akisema "kitabu yangu" au "mti imeanguka" hakuanza kukosea siku aliyojiandikisha katika Idara ya Kiswahili. Kosa hilo alilibeba kutoka madarasa ya chini. Huenda alisikia umbo sahihi likitajwa na mwalimu mara nyingi, ila hakupewa nafasi ya kutosha ya kulitamka yeye mwenyewe. Kwa hiyo, yeyote anayejiandaa kufundisha au kutafiti Kiswahili ana sababu ya kujua kinachotendeka katika shule ya msingi.

Makala haya yanaeleza anachojifunza na anachotenda mwanafunzi wa Gredi ya Nne nchini Kenya katika somo la Kiswahili, hususan muhula wa pili. Gredi ya Nne ni kizingiti. Katika gredi tatu za kwanza, sera inamtaka mwalimu amfundishe mtoto kwa lugha ya eneo la shule, ambayo mijini aghalabu ni Kiswahili. Kuanzia Gredi ya Nne, Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia masomo mengine. Kuanzia hapo, kwa watoto wengi, kipindi cha Kiswahili ndicho wakati pekee darasani ambapo wanatarajiwa kufikiri na kujieleza kwa lugha ya taifa. Kipindi hicho kikipotea, hakuna kingine cha kukifidia.

Usuli wa somo

Kiswahili hakikuwa na hadhi hii tangu zamani. Mtihani wa CPE, uliomalizia elimu ya msingi kabla ya mfumo wa 8-4-4, haukukitahini Kiswahili. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kifanywe somo la lazima, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 pendekezo hilo lilitimizwa. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kulikuwa na karatasi ya lugha yenye maswali ya kuchagua jibu na karatasi ya insha.

Mtaala wa Umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 na kufika Gredi ya Nne mwaka 2020. Tathmini ya kitaifa ya Gredi ya Sita, KPSEA, ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Ukitazama KCPE na KPSEA pamoja, utaona jambo moja ambalo halikubadilika: karatasi ya kitaifa haimpi mtoto nafasi ya kufungua kinywa. Inapima anachosoma na kukitambua, wala haipimi anachosema. Jambo hili litarejelewa baadaye, kwa kuwa ndilo kiini cha tatizo.

Muda uliopo

Baada ya masomo kupunguzwa mwaka 2024, ratiba ya shule ya msingi ya juu ina vipindi 35 kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Kiswahili kimetengewa vipindi vinne. Muhula wa wiki 13 za masomo huwa na vipindi 52, yaani saa 30 na dakika 20 tu. Ndani ya muda huo mwanafunzi anatarajiwa kukuza stadi ya kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika, pamoja na sarufi. Mambo haya manne hufungamanishwa na mada zinazotokana na maisha ya mtoto, kama vile nyumbani, mavazi, lishe bora na magonjwa, ili msamiati anaousikia katika mazungumzo aukute tena katika kifungu cha ufahamu na autumie katika insha.

Kusikiliza na kuzungumza

Stadi hii hutangulizwa, na si kwa bahati. Mtoto hujifunza lugha kwa sikio na ulimi kabla ya jicho na kalamu. Shughuli za darasani ni za aina nyingi. Watoto huamkuana kulingana na wakati na umri, mmoja akisema "Shikamoo" na mwenzake akiitikia "Marahaba". Hutegeana vitendawili: "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." "Yai!" Husimuliana ngano zinazoanza kwa "Paukwa!" na "Pakawa!", kisha hujadili tabia za wahusika.

Matamshi nayo hupewa uzito. Jozi za maneno hutumiwa ili mtoto atambue kwamba sauti moja ikibadilika, maana hubadilika pia: doa na ndoa, goma na ngoma, kura na kula, fua na vua, dhamini na thamini. Mwalimu mwenye busara hafanyi zoezi hili kuwa la kumcheka mtu. Katika Gikuyu, kwa mfano, sauti ya d huandamana na nazali. Katika Dholuo hakuna sauti ya sh. Mtoto anayesema "ndoa" akikusudia "doa" anafuata kanuni za lugha ya mama, na anahitaji kusikia tofauti hiyo kwanza kabla ya kuweza kuitamka. Vitanza ndimi, kama ule wa watu wa Liwali kula wali wa Liwali, humpa mazoezi hayo huku akicheka na wenzake.

Kusoma

Katika kusoma, mwanafunzi wa Gredi ya Nne anatoka hatua ya kujifunza kusoma na kuingia hatua ya kusoma ili ajifunze. Husoma kwa sauti akizingatia matamshi, kasi ifaayo na alama za uakifishaji. Husoma kimya kifungu cha ufahamu na kujibu maswali. Si maswali ya kunakili tu, kama vile "Juma alikwenda wapi?", bali pia ya kukisia maana ya neno kutokana na muktadha na kutabiri litakalotokea. Isitoshe, huna budi kutaja kusoma kwa mapana. Hapa mtoto huchagua kitabu cha hadithi mwenyewe, hukisoma nje ya kipindi na kurudi kuwasimulia wenzake. Kusoma kwa namna hii huishia katika kuzungumza.

Kuandika

Kuandika huanza na mambo madogo ambayo wengi huyadharau: hati inayosomeka, nafasi kati ya neno na neno, herufi kubwa mahali pake. Imla humsaidia mtoto kuunganisha sauti na herufi, na ndiyo maana aliyekosa kutofautisha sauti katika mazungumzo hukosea pia katika imla. Kisha huja insha fupi, kama vile masimulizi ya tukio, wasifu wa mtu au kitu, na barua ya kirafiki. Mtoto huanza kwa kujadili mada na wenzake, hupanga hoja, huandika nakala ya kwanza, humpa mwenzake aisome, kisha huirekebisha. Insha bora huhifadhiwa katika potifolio, na mzazi akifika shuleni huweza kulinganisha kazi ya mwanzo wa muhula na ya mwisho.

Sarufi: ngeli kwa vitendo

Sarufi ndiyo inayotajwa zaidi na wazazi wanapolalamika kwamba Kiswahili ni kigumu, na hasa ngeli. Katika shule za Kenya, ngeli huitwa kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I na nyinginezo. Kigezo ni upatanisho wa kisarufi, wala si umbo la nomino. Kiti na kipofu yote huanza kwa ki-, lakini husemwa "kiti kimevunjika" na "kipofu amefika".

Mtoto wa mjini haji darasani bila mfumo. Katika Kiswahili kinachosemwa mitaani, kiambishi i- na neno "yangu" hubeba mizigo ya takriban kila kitu kisicho na uhai: kiti yangu imevunjika, jino yangu inauma, mti imeanguka. Huo ni mfumo rahisi, na mtoto ameuzoea tangu utotoni. Kwa hiyo mwalimu wa Gredi ya Nne hapambani na ujinga. Anapambana na mazoea, na mazoea hayaondolewi kwa ufafanuzi ubaoni. Huondolewa kwa mazoea mengine.

Hapa ndipo kapu maneno linapofaa. Kadi zenye nomino hutiwa kapuni. Watoto hukaa wawiliwawili. Wa kwanza huchota kadi yenye neno "mkeka" na kusema, "Mkeka huu umechanika." Mwenzake hujibu kwa wingi, "Mikeka hii imechanika." Wa pili huchota "jino" na kusema, "Jino hili linauma," naye wa kwanza hujibu, "Meno haya yanauma." Baada ya mizunguko kumi, kila mmoja ametamka sentensi ishirini zenye upatanisho sahihi. Kanuni huweza kuandikwa ubaoni baadaye, kama muhtasari wa jambo ambalo sikio limekwisha kulikubali.

Nje ya darasa

Muhula wa pili una fursa mbili za pekee. Ya kwanza ni Tamasha za Muziki za Kenya, ambazo hushirikisha ukariri wa mashairi ya Kiswahili. Mtoto anayelifanyia shairi mazoezi kwa wiki nyingi hujifunza pumzi, mkazo na mahadhi kuliko anavyoweza kuelezwa. Ya pili ni Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Siku hiyo shule huweza kuwa na mijadala, maigizo na mashindano ya vitendawili bila kuhitaji fedha nyingi. Nyumbani nako, mzazi au mlezi huombwa kumsikiliza mtoto akisoma au kumsimulia ngano. Kazi hiyo haihitaji mzazi awe amesoma sana. Inahitaji dakika kumi na utayari.

Kipindi kinachoibwa

Mpango huu ni mzuri, lakini una adui wa ndani. Tathmini za mwalimu darasani huweza kupima mazungumzo. Humweka mtoto katika mojawapo ya viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, au kuwa mbali na matarajio. Hata hivyo, karatasi ya kitaifa haina swali la kuzungumza, na mwalimu aliyebanwa na muda hushawishika kukigeuza kipindi cha kuzungumza kuwa cha kufanya maswali ya kuchagua jibu. Mtoto huweza kupata alama nzuri kwa kutambua kwamba "kitabu changu" ni sahihi na "kitabu yangu" si sahihi, kisha akatoka nje na kumwambia mwenzake, "Nipee kitabu yangu." Anaijua kanuni ila hana lugha.

Ukubwa wa madarasa huongeza ugumu. Katika darasa la wanafunzi 50, kila mtoto akiitwa kusimama na kusema mbele ya wengine, kipindi kizima cha dakika 35 humpa sekunde 42, na hapo mwalimu hajasema neno. Lakini watoto hao hao wakizungumza wawiliwawili kwa dakika kumi, kila mmoja hupata dakika tano za kusema na tano za kusikiliza. Darasa litakuwa na kelele. Mwalimu mkuu akipita dirishani asiidhanie kelele hiyo kuwa utovu wa nidhamu. Ni sauti ya kazi. Tofauti kati ya sekunde 42 na dakika tano haihitaji vitabu vipya wala umeme. Inahitaji mwalimu aamini kwamba mtoto akizungumza anajifunza.

Hitimisho

Imebainika kwamba mwanafunzi wa Gredi ya Nne ana mengi ya kujifunza muhula huu, na kwamba yote, kuanzia imla hadi ngeli, yanasimama juu ya msingi mmoja, yaani kusikiliza na kuzungumza. Msingi huo ndio usiopimwa na karatasi ya kitaifa, na kwa hivyo ndio wa kwanza kuachwa muda unapokuwa mfupi. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo hukamilika pale mtoto wa miaka tisa au kumi anapoweza kusimulia kisa chake kwa lugha hiyo bila woga.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu navyo vina nafasi. Karibu na kila chuo pana shule ya msingi. Wanachama wachache, wakikubaliwa na mwalimu mkuu, wanaweza kwenda huko alasiri moja kwa wiki wakiwa na kapu maneno na ngano mbili tatu, na tarehe 7 Julai wakawa majaji wa vitendawili. Watakaonufaika ni watoto wa leo, na baada ya miaka michache, kumbi za mihadhara zitakazowapokea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ulimi wake vivyo hivyo.