Kisanduku cha Kina Mama na Msimu wa Karafuu

Mwenye shamba la mikarafuu ana kawaida yake ya fedha, wala haifanani na ya mtu wa mshahara. Fedha humjia mara moja, karafuu zikisha kuanikwa, kupimwa na kuuzwa. Kisha hufuata miezi mingi ambayo mkono haushiki kitu. Tena mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka huu magunia, mwaka ujao pakacha. Katika miezi hiyo mitupu, ni nani atiaye chumvi chunguni? Wanachama wenzetu, tuseme kweli. Katika nyumba zetu nyingi ni mama, kwa fedha ya vitumbua, ya dagaa, ya sukari na sabuni anazouza barazani.

Basi leo twapenda kuzungumza juu ya biashara hiyo ndogo, na juu ya mikopo ya vikundi inayoipatia mtaji. Tusidhani kuwa habari hii ni ya wanawake peke yao. Yawahusu wenye mashamba wote, na mbele tutaeleza kwa nini.

ASILI YA MIKOPO HII

Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra karibu na mji wa Chittagong, nchini Bangladesh, mwalimu wa elimu ya uchumi aitwaye Muhammad Yunus alikuta wanawake wakisuka vigoda vya mianzi. Hawakuwa na fedha ya kununulia mianzi, kwa hiyo walikopa kwa wafanya biashara, na sharti la mkopo lilikuwa kuwauzia hao hao kwa bei waitakayo wao. Alipohesabu, aliona watu 42 wa kijiji kile walihitaji jumla ya dola 27 tu za Kimarekani ili wajitoe katika kamba hiyo. Akawapa kutoka mfukoni mwake. Kazi ile ilikua hata mwaka 1983 ikawa benki kamili, Grameen Bank, iliyokopesha watu wasio na rehani, waliojipanga watano watano. Mwaka 2006 yeye na benki yake walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wazee wetu wangaliielewa hadithi hii bila ya kufasiriwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 mashamba mengi ya mikarafuu Unguja na Pemba yalikuwa yamewekwa rehani, na wengi walikopa kabla ya mavuno wakalipa kwa karafuu zenyewe. Mtu aliyepanda na kupalilia alikuwa akichuma mali ya mwingine. Kukopa harusi, kulipa matanga.

KISANDUKU CHENYE KUFULI TATU

Lakini vikundi vingi tuvionavyo visiwani leo havikopi benki. Vinajikopesha vyenyewe. Utaratibu wake ulianzishwa na shirika la CARE mwaka 1991 nchini Niger, katika sehemu za Maradi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaletwa Unguja katika vijiji vilivyo karibu na msitu wa Jozani. Mradi ulipokwisha vikundi havikufa; viliendelea, vikazaa vingine, na watu wa vijijini wenyewe wakawa waalimu wa wenzao.

Kwa wale wasioujua, utaratibu wenyewe ni huu. Watu kiasi cha 15 mpaka 30, wanaojuana na kuaminiana, hukutana kila juma au kila baada ya majuma mawili. Kila mmoja hununua hisa, moja mpaka tano, kwa bei waliyokubaliana. Hisa hupigwa muhuri katika kijitabu chake, ili hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu mihuri yake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, hutiwa katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbali mbali, wala si na yule anayekilaza kisanduku nyumbani kwake. Atakaye mkopo husema mbele ya kikundi anataka kiasi gani na kwa kazi gani. Kwa desturi haupiti mara tatu ya hisa zake. Pembeni uko mfuko wa jamii, wa maradhi na misiba. Mwaka ukitimia, fedha yote huhesabiwa na kugawanywa kwa kadiri ya hisa, na kisanduku huanza upya.

Mtu atauliza, je, huu si upatu? Ni ndugu wa upatu, lakini si upatu. Katika upatu fedha humfika mtu kwa zamu, apende asipende. Katika kisanduku mtu huchukua anapohitaji, na fedha iliyobaki huzaa.

Hapo ndipo linapokuja suala la riba, na ni suala la haki kuulizwa katika visiwa vyetu. Vikundi vingi hutoza ada kwa mwezi, na ijapokuwa ada hiyo huwarudia wenye hisa wenyewe, wako wasioridhika nayo. Zipo njia nyingine: kikundi kukopesha bila ya nyongeza yo yote, au kununua bidhaa chenyewe na kumwuzia mwanachama kwa bei iliyotajwa wazi, alipe polepole. Kikundi na kikate shauri hili siku ya kwanza, baada ya kuwauliza wenye elimu ya dini, kuliko kugombana katikati ya mwaka.

HESABU YA DUKA LA BARAZANI

Tuchukue mfano. Mama fulani amekopa shilingi 200,000 kwa miezi mitatu, na kikundi chake kinatoza shilingi 10,000 kwa mwezi. Ananunua bidhaa kwa bei ya jumla mjini, na anaziuza rejareja kijijini kwa shilingi 224,000. Akitoa nauli 4,000 anabakiwa na faida ya 20,000. Bidhaa za chakula na sabuni hazikai. Kwa siku kumi zimekwisha, naye anarudi mjini. Kwa hiyo katika mwezi amezungusha mtaji mara tatu, na faida yake ni 60,000. Nyumbani anatumia 25,000, anaweka 35,000.

Baada ya miezi mitatu ameweka 105,000. Anatoa ada ya 30,000, anarudisha 200,000 za watu, na mkononi anabakiwa na 75,000 zisizo deni la mtu. Safari ijayo atakopa kidogo zaidi ya nusu tu. Hiyo ndiyo nguvu ya mkopo mdogo: si ukubwa wake, ni kuzunguka kwake.

Lakini angalieni jinsi hesabu hii ilivyo nyembamba. Akikopesha jirani kwa daftari mpaka mwisho wa mwezi, mali imegeuka maandishi, na mtaji unazunguka mara moja badala ya tatu. Na kama katika kijiji kimoja wanawake kumi wanauza sukari ile ile, hakuna atakayezungusha mara tatu.

Kwa sababu hiyo tusiisifu mikopo kupita kiasi. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja taarifa za uchunguzi sita kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Wachunguzi waliona kuwa mikopo iliwapa watu nafasi ya kuanzisha au kukuza biashara, lakini haikuwatoa watu kwa jumla katika umaskini kama ilivyokuwa ikitangazwa. Ni jembe, na jembe halilimi lenyewe.

FEDHA YA DUKA NA UJIRA WA WACHUMAJI

Sasa tunafika penye mwiba. Karafuu zinapokuwa tayari hazingoji. Zikiachwa zitachanua, na bei itaanguka. Mwenye shamba anahitaji fedha ya wachumaji, ya majamvi, ya magunia na ya gari, na yote hayo kabla hajauza hata kilo moja. Anatazama huku na huku. Na pale nyumbani, juma lile lile, mkewe amerudi mkutanoni na mkopo wa duka.

Tufanye hesabu tena. Mume ameazima 120,000 za wachumaji, na duka limebakiwa na mtaji wa 80,000. Safari moja sasa inaleta faida ya 9,600, lakini nauli ni ile ile 4,000, basi ni 5,600. Kwa safari tatu ni 16,800. Ondoa ada ya 10,000: kwa mwezi mzima nyumba inapata 6,800, mahali pa 25,000, wala hapana cha kuweka. Na kama mvua imeingilia uanikaji, au shamba halikuzaa, 120,000 hazirudi kwa wakati. Siku ya mkutano mama huyu anasimama mikono mitupu mbele ya wenzake, ambao hisa zao ndizo alizokopeshwa. Wengine nao waliomba wapate mkopo, wakangoja yeye alipe. Wakishindwa hivyo watatu au wanne kwa pamoja, na msimu wa karafuu ni wa wote kwa pamoja, kisanduku kimekwisha.

Jambo hili si la visiwa vyetu tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliotazama wenye biashara ndogo wa India, Sri Lanka na Ghana, ulieleza kwa nini mtaji waliopewa wanawake ulionekana kuleta faida ndogo kuliko wa wanaume. Si kwamba wanawake hawajui biashara. Penye biashara ya mume, mtaji wa mke mara nyingi ulihamia huko. Penye biashara moja tu nyumbani, nayo ni ya mwanamke, faida yake haikupungua kuliko ya mwanamume.

Hatusemi kwamba mke asimsaidie mumewe. Shamba ni la nyumba nzima, na wanawake ndio wanaochambua makonyo usiku na kukimbia na majamvi mvua ikitishia. Tunasema kila deni lina wakati wake. Mkopo wa duka hulipwa kwa juma na kwa mwezi. Gharama ya mavuno hulipwa karafuu zikiuzwa. Ukizichanganya, moja huua nyingine.

SHAURI LETU

Kwanza, kikundi kiandike katika kanuni zake kuwa mkopo wa biashara ni wa biashara, na miezi ya karibu na mavuno kiulize mara mbili. Pili, kama wanachama wa kikundi wataka kusaidia mavuno, watenge sehemu ya kisanduku kwa kazi hiyo, yenye kiasi chake na muda wake, isiguse mtaji wa maduka. Tatu, kugawana kwa mwaka kupangwe kabla ya msimu kuanza. Hapo mama hupata fedha yake mwenyewe, isiyo deni. Na akipenda kuitia shambani, atakuwa anatia mali yake, na haki yake katika mavuno ijulikane. Nne, sisi wenye mashamba tujiwekee. Anayeuza karafuu leo na aweke ujira wa wachumaji wa msimu ujao kabla hajanunua chochote. Na wanaume nao wanaweza kuwa na kisanduku chao chenye kufuli tatu.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai hata ukitia pishi. Mwanachama atakaporudi mjini msimu huu na fedha mkononi, na apite barazani kwa mkewe, au kwa dada yake, au kwa mama yake, aulize: Nilichukua kiasi gani? Kisha alipe mbele ya mashahidi, kama anavyolipa deni la mtu mwingine yeyote. Dawa ya deni kulipa.

Tunawatakia wanachama wote mavuno mema na jua la kuanikia.