Mlipuko Mkuu Haukutokea Upande Wowote wa Anga

"Dokta, huo Mlipuko Mkuu ulitokea upande gani?"

Swali hili hunifuata kila ninapotambulishwa kwamba ninachunguza makundi ya galaksi. Nimeulizwa na wanafunzi wa kidato cha nne, na mtangazaji wa redio aliyekuwa amejiandaa vizuri kwa mengine yote, na mzee mmoja aliyenivuta pembeni baada ya mazishi akataka nimwonyeshe kwa kidole. Juzi nimeulizwa na mwalimu wa fizikia, na hapo uvumilivu ukaniishia. Mwanafunzi akiuliza hivyo, anatafuta kujua. Mwalimu akiuliza hivyo, ujue nyuma yake kuna darasa zima lililokwisha kuambiwa kwamba hapo mwanzo palikuwa na giza tupu, katikati ya giza kitone, kitone kikapasuka mithili ya bomu, na vipande vyake ndivyo sisi na nyota zote.

Wanaotetea picha hiyo husema ni njia ya kurahisisha. Hairahisishi chochote. Ni kosa, na ni kosa linalofunga mlango: aliyeishika picha ya bomu hawezi kuelewa hata kipimo kimoja tunachokifanya. Kwa hiyo nitaibomoa, na sitakuwa na haraka.

Tuanze na nuru. Tuseme kweli palikuwa na bomu mahali fulani katika nafasi tupu. Bomu likipasuka, mwanga hutangulia na vipande hufuata nyuma, maana hakuna kipande kinachoweza kushindana mbio na mwanga. Sisi tumetokana na vipande. Basi mwanga wa bomu hilo ungekuwa umetupita zamani, umekwenda zake, na anga ingebaki kimya. Lakini anga haiko kimya. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakiwa Holmdel katika jimbo la New Jersey, walielekeza antena yao kila upande wakakuta mvumo uleule wa mawimbi ya redio, usiku na mchana, majira yote ya mwaka. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Mvumo ule ni nuru iliyoachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, joto liliposhuka hadi karibu Kelvini 3,000, elektroni zikatulia ndani ya atomu, na nuru ikapata njia. Tangu hapo mawimbi yake yamerefuka takriban mara 1,100 yakawa mikrowevu, na joto lake leo ni Kelvini 2.725, yaani zaidi ya nyuzi 270 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kila sentimita ya ujazo ya anga tupu ina fotoni zake zipatazo 410.

Sasa zingatia jambo moja ambalo picha ya bomu haina jibu lake: nuru hiyo haijaacha kufika. Imefika leo, itafika kesho na keshokutwa, kutoka kila upande, kila siku ikitoka mbali kidogo kuliko ya jana. Hilo linawezekana kwa namna moja tu, kwamba kila mahali palikuwa pakiwaka. Hapa tulipo palikuwa pakiwaka. Nuru iliyotoka hapa iko njiani inawafikia walio mbali, na ya kwao inatufikia sisi.

Aliyewahi kutoka nje alfajiri kule Lushoto, ukungu ukiwa umetanda, anajua jinsi unavyoona hatua kadhaa kila upande kisha unakutana na ukuta mweupe. Jirani yako aliye bondeni naye ana ukuta wake, na yeye ndiye aliye katikati yake. Ukiufuata ukuta wa jirani huupati. Unapata ukungu tu, na ukuta mwingine mbele. Ramani maarufu ya setilaiti ya Planck, ile ya duara dufu yenye madoa ya buluu na mekundu, ni ukuta wa namna hiyo. Wengi huitazama wakidhani ni picha ya ulimwengu iliyopigwa kutoka nje. Sivyo. Ni anga inayotuzunguka pande zote, imetandazwa kwenye karatasi. Mtu aliye kwenye galaksi ya mbali akichora yake, madoa yatakuwa mengine, lakini joto litakuwa lilelile na yeye atajiona yuko katikati kama sisi.

Hapo mjuaji atasema: mbona galaksi zote zinatukimbia? Ukirudisha mkanda nyuma, si zitakutana mahali pamoja? Zitakaribiana, ndiyo. Lakini zitakaribiana zote, kila moja na nyingine, na hakuna hata moja iliyosimama ikizisubiri. Kundi la galaksi la Coma liko umbali wa takriban miakanuru milioni 320, na linaachana nasi kwa karibu kilomita 7,000 kwa sekunde. Kundi lililo mbali maradufu ya hapo huachana nasi kwa kasi karibu maradufu. Sasa jiweke Coma utazame huku: Njia Nyeupe yetu ndiyo inayokimbia kwa kilomita 7,000 kwa sekunde, na hesabu ya maradufu inabaki vilevile pande zote. Kanuni inayompa kila mtazamaji haki ya kujiita kitovu haiwezi kutumika kumtafuta mmoja aliye kitovu kweli. Kinachotanuka ni nafasi yenyewe baina ya makundi. Hakuna ukumbi mtupu wa nje ambamo vipande vinatawanyika.

Mjuaji wa pili amesoma zaidi, na huyu namheshimu. Anajua kwamba nuru hii ya kale ina joto zaidi kidogo upande mmoja, kuelekea kundinyota la Simba, na ina baridi zaidi upande wa pili, kuelekea Ndoo. Tofauti ni Kelvini 0.0034 hivi kila upande wa wastani. Anauliza: je, huko Simba siko palikotokea mlipuko? Hapana. Ni mwendo wetu. Mfumo wa Jua unakwenda kwa takriban kilomita 370 kwa sekunde kuelekea huko, na mawimbi tunayoyaendea hubanwa kidogo, tunayoyaacha nyuma hurefuka. Ukiondoa mwendo huo, kinachobaki ni madoa yenye tofauti ya sehemu moja katika 100,000, yaliyotapakaa bila kupendelea upande. Bomu halitawanyi joto kwa usawa huo.

Mpaka hapa anayebisha amebakiwa na neno moja: haya yote mmeyapima mkiwa hapo hapo mlipo. Ndipo linapoingia somo langu, na ndiyo sababu nalipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya astronomia. Makundi ya galaksi yanatupa mashahidi walioko kwingine.

Kundi la galaksi ni mamia hadi maelfu ya galaksi zilizoshikwa na uvutano mmoja. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maada ya giza, ambayo Fritz Zwicky aliidai tangu mwaka 1933 baada ya kuona kasi za galaksi za Coma. Ama maada ya kawaida, sehemu kubwa haimo ndani ya nyota. Ni gesi iliyotanda kati ya galaksi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Kujulikana kwa gesi hiyo kuna mkono wa pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi kama Coma na Perseus hutoa eksirei kutoka eneo pana kuliko galaksi yoyote moja. Watoto wa Malindi wanapaswa kulijua hili kabla ya kujua jina la mwanaanga yeyote.

Muda mfupi baadaye Rashid Sunyaev na Yakov Zel'dovich, wakiwa Moscow, walionyesha kitakachotokea nuru ya kale ikipenya gesi ya namna hiyo. Katika kundi kubwa, karibu fotoni moja katika kila mia hugongwa na elektroni na kuongezewa nishati. Ukitazama kwa masafa ya chini ya gigahezi 217, kundi linaonekana kama doa baridi; ukitazama kwa masafa ya juu yake, linaonekana doa la moto. Kwanza, doa hilo linathibitisha kwamba nuru inatoka nyuma ya kundi, mbali nalo. Pili, halififii kwa umbali, ndiyo maana darubini ya Ncha ya Kusini, ile ya Atacama kule Chile, na setilaiti ya Planck zimeyapata makundi kwa maelfu.

Nguvu ya doa katika masafa mbalimbali hutuambia joto la nuru ya kale kule kule kundi liliko, zama zile. Kundi ambalo mwanga wake uliondoka umbali baina ya galaksi ukiwa theluthi mbili ya ulivyo leo linapaswa kuwa limezungukwa na nuru ya Kelvini 4.1. Vipimo vya mamia ya makundi, pande zote za anga, vimefuata kanuni hiyo. Hakuna upande wenye moto zaidi.

Ushahidi wa pili ndio unaozika bomu. Kama ulimwengu ungekuwa na kitovu, mkazi wa kundi lililo kando angeiona nuru ya kale ina moto upande mmoja na baridi upande mwingine, na gesi ya kundi hilo ingeacha alama ya mwendo wa kasi kubwa kwenye ramani zetu. Alama za mwendo zinapimika. Zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2012, kwa data za darubini ya Atacama. Mwaka 2014 kikosi cha Planck kikatoa matokeo ya makundi zaidi ya 1,000: wastani wa mwendo huo haukutofautiana na sifuri. Kwa wastani makundi, popote yalipo, yanaiona nuru ya kale sawa pande zote, kama sisi tukishaondoa mwendo wetu. Ushahidi huu unahusu ulimwengu unaoonekana, na ndani yake kitovu hakipo.

Sasa la kufanya, kwa ufupi. Walimu, futeni mchoro wa bomu. Anzeni na wakati, miaka bilioni 13.8, na "kila mahali". Mwenye simu apakue Stellarium, ni ya bure, atafute kundinyota la Mashuke jioni za mwezi wa tano. Kwa darubini ndogo na anga yenye giza ataiona M87, galaksi kubwa ya kundi la galaksi lililo jirani, umbali wa miakanuru milioni 54 hivi. Msiamini video inayoanza na kitone kwenye giza. Wanafunzi wa Kenya, nchi yenu ni mshirika wa mradi wa darubini za redio wa SKA ulioko Afrika Kusini na Australia, ulizieni mafunzo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kazi hii ajifunze takwimu na lugha ya programu ya Python mwaka huu, asisubiri shahada ya pili. Ramani za Planck, za Atacama na za Ncha ya Kusini ziko kwenye intaneti, bure, na hakuna anayehitaji kibali kuzifungua.