Je, Wajua? Kipimo cha Unyevu wa Mahindi Huhesabu Mipigo ya Umeme

Je, wajua kwamba kikombe cha kipimo cha unyevu, kile ambacho mkulima wa Musanda huko Mumias Magharibi hutakiwa kukimwagia punje kabla ya kutajiwa bei, chenyewe ni kapasita, yaani kihifadhi chaji ya umeme? Ndani yake mna vipande viwili vya chuma visivyogusana. Chaji inayoingia hutegemea kilicho katikati yake. Punje kavu huiongeza mara chache tu kuliko hewa; maji huiongeza karibu mara 80. Kwa hiyo hata unyevu kidogo hujidhihirisha.

Lakini badiliko hilo hupimwa kwa pikofaradi, na pikofaradi ni sehemu moja ya trilioni ya faradi, kizio cha kapasitansi (uwezo wa kushika chaji). Kulishika moja kwa moja ni taabu, basi wajuzi hupima muda. Chipu ya 555, aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971 na ambayo hadi leo inauzwa kwa bei ya chini, hujaza kapasita hiyo kupitia rezista hadi theluthi mbili za volteji, huipunguza hadi theluthi moja, kisha huanza tena; kila mzunguko ni mpigo mmoja. Kapasitansi ikipanda, mzunguko huchelewa. Tuseme pikofaradi 100 zinatoa mipigo 10,000 kwa sekunde: ongeza pikofaradi 10 tu, mipigo itashuka hadi 9,090 hivi. Mipigo 900 iliyopotea, nani atakosa kuiona?

Skrini ya simu yako nayo huhisi kidole kwa badiliko kama hilo la kapasitansi, ndiyo maana matone ya mvua huichanganya.

Vipimo vya unyevu vyenye sindano mbili ni vingine. Hivyo hupima ukinzani. Na asiye na kipimo chochote hutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo: chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita 15%.

Kikomo cha unyevu wa mahindi Afrika Mashariki ni 13.5%, wala si ukali wa bure. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu kwa unyevu mashariki mwa Kenya yalileta sumu ya aflatoksini iliyoua watu 125.

Mnunuzi akija na kipimo chake, mwombe akuonyeshe kwanza kwamba kimewekwa kupima mahindi, si maharagwe. Tena asishindilie kikombe: punje zikibanana, kapasitansi hupanda, nawe utakatwa bei kwa maji ambayo hayamo.