Fangasi za Kucha katika Mazingira ya Mugeta, Wilayani Bunda: Jina, Muda wa Dawa na Muda wa Kupona

Ikisiri

Makala hii inafafanua kinga na matibabu ya fangasi za kucha kwa kuzingatia mazingira ya Mugeta, kata iliyomo katika Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara. Hoja kuu ni kwamba neno "fangasi" hujumuisha maradhi yenye muda tofauti wa kupona. Elimu ya afya isiyobainisha tofauti hiyo humfanya mgonjwa aache dawa mapema au ameze dawa asiyoihitaji.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina majina bainifu ya baadhi ya maradhi yaletwayo na kuvu. Mapunye hukaa kichwani, mashilingi hujitokeza mwilini kwa umbo la duara, na mba huacha mabaka kwenye ngozi. Ukucha haukupata jina la namna hiyo. Hutumika neno la mkopo, fangasi, ambalo hutaja pia maradhi ya katikati ya vidole vya miguu na ya sehemu za siri. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mgonjwa huona aibu kulitamka mbele ya watu dirishani pa duka la dawa. Pili, hutarajia kwamba mafuta yaliyomponya ngozi kwa wiki chache yatauponya na ukucha kwa muda huohuo.

2.0 Ukucha hupona vipi?

Kuvu wanaoshambulia zaidi kucha za miguu, hususani Trichophyton rubrum, hula keratini na hukaa chini ya ukucha, mahali ambapo mafuta ya ngozi hayapenyi vya kutosha. Sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi kuwa nzima. Husukumwa nje na ukucha mpya. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na wa mguu takriban milimita 1. Kwa hiyo ukucha wa mkono huhitaji miezi 6 hivi ili kujivua wote, ilhali wa kidole gumba cha mguu huhitaji miezi 12 hadi 18.

3.0 Utambuzi

Takriban nusu tu ya kucha zilizobadilika rangi au umbo huwa na kuvu. Nyingine zimeumizwa na jembe, kujikwaa au viatu vinavyobana. Nyingine zina soriasisi, mdudu wa kidole au funza. Mstari mweusi unaozidi kupanuka katika ukucha mmoja huweza kuwa saratani, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Weupe unaoanzia shinani mwa ukucha huweza kuashiria upungufu wa kinga, hivyo ushauri na kipimo cha VVU vinafaa. Kipimo cha msingi cha fangasi si ghali: unga uliokwanguliwa chini ya ukucha huwekwa katika potasiamu haidroksaidi na kutazamwa kwa hadubini, chombo kilekile kinachotumika kutafuta vimelea vya malaria.

4.0 Matibabu

Kwa mtu mzima, dawa yenye ufanisi zaidi ni terbinafini, miligramu 250 mara moja kwa siku, kwa wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa kucha za miguu. Mwenye ugonjwa wa ini hapaswi kupewa. Itrakonazoli huingiliana na baadhi ya dawa za kufubaza VVU na haimfai mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi. Griseofulvini huchukua muda mrefu zaidi na haimfai mjamzito. Vidonge vya ketokonazoli visitumike kutibu kucha: mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilitoa tahadhari kali kwa sababu ya madhara yake kwenye ini.

Hapa ndipo maelezo ya mtoa dawa huwa na uzito. Wiki 12 zinapokwisha, dawa hubaki ndani ya ukucha ikiendelea na kazi, lakini ukucha wenyewe bado huonekana mbovu. Asiyeambiwa hivyo hudhani dawa imeshindwa na hununua nyingine. Dalili ya kutazamwa ni ukanda safi unaochomoza shinani na kuongezeka mwezi hadi mwezi.

5.0 Kinga

Fangasi za katikati ya vidole zitibiwe mapema, kwani ndizo chanzo cha maambukizi mengi ya kucha za miguu. Miguu ikaushwe kabla ya kuvaa viatu, na gambuti za shambani zianikwe badala ya kuvaliwa zikiwa na unyevu. Anayeshinda na mikono majini, kama vile kwa kufua au kulowesha muhogo, huelekea zaidi kupata Kandida. Aikaushe kila anapomaliza. Wembe na kikata kucha visishirikishwe, na vijana wanaopita wakikata na kupaka rangi kucha wachemshe vifaa vyao vya chuma. Mwenye kisukari akague miguu yake kila siku, kwa kuwa ufa mdogo pembeni mwa ukucha huweza kuwa kidonda kikubwa.

6.0 Hitimisho

Kubuni istilahi mpya si sharti la kwanza. Kinachohitajika katika zahanati na maduka ya dawa ni kauli tatu: fangasi hii ni ya kucha, dawa ni ya wiki kadhaa, na kupona ni kwa miezi mingi. Kauli hizo zikitenganishwa waziwazi, mgonjwa hupata kigezo cha kupima maendeleo yake mwenyewe, na ini lake huepushwa na vidonge visivyo vya lazima.